Noti Nane za Besi: Barua kwa Mjomba kutoka Nürnberg

Mjomba,

 Mvua ya rasharasha haikatiki na baridi ya huku inapenya hadi kwenye mifupa. Nakuandikia ndani ya treni, Nürnberg nimeiacha nyuma na Leipzig iko mbele. Nimeona nianze sasa hivi, mambo yakiwa bado ya moto kichwani.

Lile swali lako nilisafiri nalo. Uliniuliza: ile Canon ya Pachelbel unayompigia bibi harusi anapoingia ukumbini, mbona inagoma kuungana na wimbo unaofuata? Jalada la rekodi linasema iko kwenye D meja. Wimbo wako unaofuata uko kwenye A meja. Kwa ma-DJ hizo ni kii majirani, zinapaswa kupokezana bila ugomvi. Lakini ukiufungulia tu wimbo wa pili, ukumbi mzima unahisi kuna kitu kimechacha. Na programu kwenye laptopu yako haikusaidii, kwa sababu penye 10B, ambayo ndiyo D meja, yenyewe inakuandikia 3B. Jibu ninalo sasa, mjomba. Ni refu kidogo, nivumilie.

Kwanza nikueleze mji. Nürnberg ina ngome juu ya kilima, ukuta wa zamani unaozunguka mji wa kale, na mto Pegnitz unaopita katikati chini ya madaraja ya mawe. Ukiutazama unadhani hakuna kilichoguswa tangu enzi hizo, kumbe sehemu kubwa ililipuliwa na mabomu ya tarehe 2 Januari 1945, na wenyewe wakaijenga upya jiwe kwa jiwe. Soseji zao ndogo ndizo fahari ya mji, lakini ni za nguruwe, basi mimi nilikula döner za Waturuki na mikate yao ya chumvi, na sikulala njaa.

Johann Pachelbel alizaliwa mji huu mwaka 1653. Alizunguka sana akitafuta riziki kwa kinanda: Vienna, Eisenach, Erfurt, Stuttgart, Gotha. Mwaka 1695 wakubwa wa Nürnberg walimwita nyumbani awe mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Sebald, na walimtaka kiasi kwamba hawakumfanyisha hata ule mtihani wa kawaida wa kazi. Akakaa hapo hadi alipofariki mwaka 1706. Niliingia kanisani humo asubuhi. Kinanda chenyewe alichokipiga hakipo, kiliangamia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kilichonishika miguu ni kaburi la Sebald lililofunikwa kwa shaba, kazi ya Peter Vischer na wanawe iliyokamilika mwaka 1519. Inama uangalie chini: mzigo wote ule wa shaba umebebwa na konokono. Konokono wa shaba, pembe zimetokeza, wamejipanga chini ya nguzo. Nilikaa hapo muda mrefu nikiwatazama. Pachelbel mwenyewe alizikwa nje ya ukuta wa mji, kwenye makaburi ya Rochus, ambako mawe yote yamelazwa chini na kila moja lina bamba la shaba juu yake.

Kuhusu harusi, mjomba, hili utalipenda. Mwaka 1694 Pachelbel alihudhuria harusi ya mwanafunzi wake Johann Christoph Bach, kaka mkubwa wa Johann Sebastian Bach, na alikuwa miongoni mwa waliopiga muziki siku hiyo. Wapo wataalamu wanaokisia kwamba Canon ilitungwa kwa ajili ya harusi hiyo. Ushahidi hakuna, ni makisio tu, lakini hata kama si kweli, basi mtunzi wake aliwahi kufanya kazi hiyohiyo unayoifanya wewe kila Jumamosi.

Sasa niingie kwenye kii. Jioni moja nilipata bahati ya kukaribishwa kwenye mazoezi ya kikundi kidogo cha vyombo vya kale: fidla tatu, selo na hapsikodi, ambavyo ndivyo Canon inavyohitaji, hakuna zaidi. Yule mama wa selo alinivutia tangu alipokaa. Selo yake haina ule msumari wa kuchomeka sakafuni, anaibana katikati ya mashavu ya miguu. Nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo, si za chuma, na akizigusa zinatoa sauti yenye vumbi kidogo, kama ya mtu anayezungumza karibu nawe. Hali ya hewa ilikuwa inazivuruga, basi kila baada ya kipande kimoja walisimama wakazilinganisha tena, wakisikilizia noti ya A kutoka kwenye hapsikodi. Mimi nikatoa simu, nikafungua ile programu ya kupimia sauti. Hapsikodi ikapiga A. Simu ikaandika G, na alama ya kupanda nusu toni.

Hapo ndipo nilipoelewa rekodi yako. Vyombo vya leo vinalinganishwa kwa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Vikundi vya muziki wa Baroki siku hizi vimekubaliana kutumia 415, ambayo ni nusu toni kamili chini. Zamani zile hapakuwa na makubaliano kabisa: kila mji ulikuwa na A yake, na hata ndani ya mji mmoja kinanda cha kanisa kiliweza kuwa juu ya vyombo vya chumbani kwa toni nzima. Bach alipokuwa Leipzig ilibidi karatasi ya mpiga kinanda iandikwe toni moja chini ya wenzake ili wote wakutane mahali pamoja. Kwa hiyo wanamuziki wale jioni ile walikuwa wanasoma D, vidole vyao vinapiga D, na sikio lako la leo linasikia nusu toni chini yake, yaani D flati. Na D flati meja kwenye gurudumu la Camelot, lile tunalopangia kii sisi ma-DJ, ni ileile 3B. Mjomba, jalada lako lilikuwa sahihi na programu nayo ilikuwa sahihi. Vyote viwili vilisema kweli kuhusu vitu viwili tofauti: jalada lilitaja karatasi, programu ilitaja hewa. Na wageni wako wanasikia hewa.

Dawa unayo tayari mkononi. Wewe ulijifunzia kazi kwenye santuri, ambako kasi na kii vilikwenda pamoja: ukiharakisha sahani, sauti inapanda. Zima lile kufuli la kii kwenye mashine yako, panda pichi kwa asilimia 6, na Canon yako itatua kwenye D ya leo kabisa. Ukishindwa, iache ilipo, uitafutie majirani zake wa kweli: A flati meja, G flati meja, au B flati maina. Lakini kuiachia mashine ikupandishie kii peke yake huku kasi ikibaki palepale sikushauri. Nyuzi za utumbo zina mikwaruzo midogo na pumzi za upinde, na mashine ikizinyoosha kwa hesabu zake zinatoka kama plastiki. Ule uhai wa sauti ndio sababu ya kuchagua rekodi hiyo.

Na kama utanunua rekodi ya okestra kubwa ya kisasa badala yake, angalia pia. Okestra nyingi za Ujerumani hupenda A ya 442 au 443. Kwa wimbo unaokwenda mbio husikii tofauti. Lakini weka A ndefu ya fidla za 443 juu ya A ndefu ya kinanda cha 440, utasikia sauti inatetemeka mara tatu kila sekunde. Hapo gusa pichi kidogo tu, hata asilimia moja haifiki.

Treni imepita Erfurt. Pachelbel alikaa pale miaka 12, kwenye kinanda cha kanisa la Predigerkirche, lakini treni haikusimama muda wa kutosha nishuke hata kuvuta hewa. Basi niendelee na kasi.

Canon haina kasi iliyoandikwa. Metronomu ilipatiwa hataza na mtu aitwaye Maelzel mwaka 1815, zaidi ya karne moja baada ya Pachelbel kuzikwa, kwa hiyo hata kama angetaka kuandika mapigo kwa dakika asingekuwa na chombo cha kuyapimia. Kila kikundi kinaamua chenyewe, na wanatofautiana vibaya sana. Wewe lakini hupaswi kuikisia, unaweza kuihesabu. Selo inapiga noti nane tu kutoka mwanzo hadi mwisho: D, A, B, F kupanda, G, D, G, A. Noti moja kwa kila pigo. Mzunguko huo unarudiwa mara 28, kisha noti ya mwisho. Nane mara 28 ni mapigo 224. Rekodi ikichukua dakika 4 baada ya kuipandisha pichi, basi inakwenda mapigo 56 kwa dakika. Ikichukua dakika 7, kama zile za mtindo wa Jean-François Paillard, Mfaransa aliyeifanya Canon ipendwe dunia nzima kwa rekodi yake ya taratibu ya mwaka 1968, basi ni mapigo 32 tu.

Chukua hiyo 56, izidishe mara mbili, unapata 112. Mjomba, 112 ndipo amapiano inapoishi! Vijana wa ukumbini watakuwa wanachezea kasi ileile ambayo bibi harusi ametembelea, ila wao wanakanyaga mara mbili pale yeye alipokanyaga mara moja. Na ile 32 ya taratibu ukiizidisha mara nne unapata 128, kasi ya house. Ndiyo maana programu wakati mwingine inakuandikia namba kubwa kwa muziki unaotambaa: inasikia noti ndogondogo za fidla, inazihesabu kama mapigo.

Na zile noti ndogondogo zina siri yake. Fidla ya kwanza inaanza na noti ndefu zinazoshuka ngazi kwa ngazi. Kisha noti zinagawanyika mbili kwa pigo, kisha nne, na pale katikati zinafika nane. Besi haijaongeza hata chembe ya mwendo, lakini msikilizaji anaapa kwamba muziki umeshika kasi. Fidla ya pili inapiga yaleyale mzunguko mmoja nyuma ya kwanza, ya tatu mzunguko mmoja nyuma ya pili, neno kwa neno. Kwa hiyo joto likishapanda kwenye fidla moja linapokewa na nyingine, halafu nyingine. Sijui wimbo wa klabu unaopandisha watu kwa ustadi kuliko huo, na hauna ngoma hata moja ndani yake.

Jambo moja tu la kuangalia: watu wale wanapumua. Mwisho wa sentensi wanachelewa kidogo, wakianza nyingine wanasogea mbele. Programu ikiweka gridi ya mapigo kwa kupima dakika ya kwanza tu, ukifika ya tatu gridi imeshapotea njia. Weka alama wewe mwenyewe, kwa mkono, kwenye D ya kwanza ya kila mzunguko. Mizunguko 28, alama 28. Ni kazi ya kikombe kimoja cha chai, na unaifanya mara moja kwa maisha.

Naendelea, sasa niko Leipzig. Nimefika kwenye kanisa la Mtakatifu Thomas, nimeona kaburi la Bach sakafuni na sanamu yake nje. Watalii ni wengi, wanapiga picha wakaondoka. Mimi nilikuwa na mtu mwingine akilini. Miaka ya 1690, shule ya kanisa hili ilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Johann David Heinichen. Baadaye alisomea sheria hapahapa Leipzig, akafanya uwakili kidogo, lakini muziki ulimzidi nguvu. Mwaka 1711 alichapisha kitabu cha kufundisha besi, yaani namna ya mpiga kinanda kujaza muziki mzima kutokana na mstari wa besi tu. Ndani yake alichora duara. Kwenye duara hilo alizipanga kii zote 24, meja na maina zikipokezana, C meja na A maina, G meja na E maina, kila kii ikikaa kando ya ile inayofanana nayo zaidi. Kusudi lake mpiga kinanda aweze kutembea kutoka kii hadi kii bila kumshtua msikilizaji. Nikolay Diletsky alikuwa ameshachora duara la namna hiyo huko Urusi miaka ya 1670, ila huku Ujerumani la Heinichen ndilo la kwanza kuchapishwa.

Umelitambua, mjomba? Ndilo lile gurudumu letu. Zimebadilika rangi na namba tu, mtu ametoa majina ya kii akaweka saa 1 hadi saa 12, meja wakiitwa B na maina wakiitwa A. Huwa napata hasira nikisikia watu wanasema DJ anauharibu muziki huu akiuchanganya. Kazi ya kuunganisha kii kwa jirani yake iliandikiwa kitabu na watu haohao, Pachelbel akiwa hajamaliza hata miaka 6 kaburini.

Na sasa tazama ile besi yenyewe kwa macho ya gurudumu. Jaza juu ya kila noti ile sauti tatu inayokaa hapo: D meja, A meja, B maina, F kupanda maina, G meja, D meja, G meja, A meja. Kwa namba zetu: 10B, 11B, 10A, 11A, 9B, 10B, 9B, 11B. Haijatoka nje ya 9 hadi 11! Inazunguka nyumbani kwake na kwa majirani, inarudi, inazunguka tena, mara 28. Ndiyo maana Canon inapatana na nyimbo nyingi sana za leo, na ndiyo maana watunzi wengi wa pop wameiazima besi hiyo. Ukishaipandisha ikatua kwenye D, wimbo wa G, wa A au wa B maina utaingia bila kubisha hodi.

Lakini ingiza mahali sahihi. Kii zinaweza kupatana na bado muungano ukafa kama utafungua wimbo wa pili wakati selo iko kwenye noti ya nne, ile F kupanda, huku besi ya wimbo wa pili inasema G. Fahali wawili hawakai zizi moja, na besi mbili hazikai ukumbi mmoja. Subiri noti ya nane, A, ambayo inaita D irudi. Hapo zima besi ya Canon kwenye miksa, zifungulie fidla peke yake, na kwenye D inayofuata besi ya amapiano iingie na mzigo wake wote. Fidla zitaelea juu ya ngoma kwa mzunguko mmoja au miwili, kisha zitoe polepole. Nilijaribu hotelini kwa hedifoni, na nywele zilinisimama.

Mwanzo nao umepewa zawadi: mzunguko wa kwanza kabisa ni besi na hapsikodi tu, fidla zote zimenyamaza. Mapigo nane matupu. Bibi harusi akichelewa mlangoni, kama kawaida yao, weka lupu hapo, izunguke hata dakika tatu, mtu hatajua. Akikanyaga zulia, achia lupu, fidla ya kwanza ianze naye.

La mwisho, na hili sijaona DJ yeyote akilitumia. Canon haikuandikwa peke yake. Ina mwenzake, Gigue, kipande cha dansi kinachoifuata, kiko kwenye D vilevile, na watu karibu wote wanakiacha. Kimeandikwa kwa 12/8: mapigo manne kwa kipimo, kila pigo limegawanyika tatu. Hebu kihesabu kwa mguu, mjomba. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Chakacha! Ile 6/8 ya pwani yetu inaingia mara mbili ndani ya kipimo kimoja cha Gigue bila kusukumana. Gigue ni fupi, ina sehemu mbili na kila moja inarudiwa, kwa hiyo una nafasi nne za kupenyeza ngoma chini yake. Bibi harusi akishaketi, usiende moja kwa moja kwenye amapiano. Piga Gigue, leta chakacha kwa chini ngoma tupu bila besi, na wakati wale shangazi wa mbele wameshaanza kutikisa mabega, fidla zitoe, waachie chakacha yao. Vijana wa amapiano watasubiri, usiku bado mrefu.

Nimekutumia kwenye WhatsApp rekodi mbili, moja ya vyombo vya kale na moja ya okestra, na nimeandika kwenye jina la kila faili kii inayosikika, si ile ya jaladani. Alama 28 nimekuwekea kwenye ile ya kwanza. Ukiipiga Jumamosi, mwambie kijana wako anirekodie sauti ya ukumbi, hasa pale chakacha inapoingia, kwa sababu nina wasiwasi kidogo na kasi: huenda ukahitaji kuishusha Gigue kwa asilimia mbili au tatu, na hapo kii itashuka nayo, utaisikia. Niandikie namna ulivyoamua.

Wasalimie wote nyumbani, mwambie bibi nimemnunulia shali.

Mpwa wako